Mfuko wa Mkate wa Waino Saari

Waino Saari alitengeneza mitambo ya mgodi wa shaba miaka ishirini na minane, mpaka mgodi ukafungwa. Baada ya hapo barabara nzima ilimletea injini zake mbovu, naye akazifufua zote. Basi jamani, Ijumaa hiyo mashine yake mwenyewe ya kurusha theluji ilimfanya kichekesho.

Injini iliwaka vizuri tu, ikanguruma pale bandani bila taabu. Ila kila akiisukumia kwenye ukuta wa theluji ulioachwa na greda la barabara mdomoni mwa njia ya kuingilia kwake, ilikohoa mara mbili ikazima. Saa mbili asubuhi ilikuwa imeshapita, na gari la kliniki lilikuwa linafika saa tatu.

Mkewe, Lempi, alikaa jikoni na koti lake, mkoba mapajani. Figo zake zilikuwa zimechoka, na mara tatu kwa juma alipelekwa mjini kusafishwa damu. Jumatano gari lilishindwa kufika mlangoni. Nesi alisema kwenye simu, kwa upole, kwamba likishindwa tena Lempi atahamishiwa nyumba ya wazee kulekule mjini. Nafasi ilikuwa ya mtu mmoja.

Waino alibadilisha plagi. Akafungua kabureta, akaipuliza. Vidole vilikufa ganzi hata bisibisi ikamponyoka, akaitafuta kwa magoti.

"Mzee, ingia upashe mikono," Lempi aliita.

"Nikishapasha?"

"Utarudi tena."

Hakuingia. Alichukua sepeto, akaanza kuchimba kwa mkono, na moyo ukamwambia wazi kwamba hatamaliza.

Gari lilifika likasimama ng'ambo ya ukuta. Dereva alishuka, akatikisa kichwa.

"Baba, siruhusiwi kumpitisha mgonjwa juu ya theluji hii."

"Nitambeba mimi."

"Wewe mwenyewe unahema hivyo? Mkianguka wote wawili nitasema nini?"

Alisubiri dakika kumi, zaidi ya alizoruhusiwa, kisha akaondoka.

Ndipo Clovis Beaudry, jirani wa nyumba ya pili, alipokuja na mashine yake baada ya kumaliza kwake. Alimkuta Waino amekaa juu ya ndoo.

"Kwa nini hukunipigia simu, mtu wewe?"

"Nilidhani nitaimaliza." Aliona aibu, na aibu hiyo ilimuuma kuliko baridi. Fundi wa barabara nzima, angempigia nani?

Clovis aliizunguka mashine mara moja. "Waino, umeivalisha injini soksi?"

Ulikuwa mfuko wa plastiki wa mkate. Huko kwenye theluji kila mtu huvaa mifuko ya mkate ndani ya mabuti, miguu isilowe, na Waino aliuamini kwa kila kitu. Aliufunga kwa mpira juu ya mfuniko wa tangi, theluji isiingie kwenye petroli. Sasa ulikuwa umenywea, umeng'ang'ania mfuniko kama ngozi. Kitundu cha hewa cha mfuniko kilikuwa kimezibwa, na bila hewa kuingia tangini petroli haishuki. Injini ikiwa haina kazi, ile kidogo inayopenya huitosha. Ikipewa mzigo, inakauka.

Clovis aliuvua. Tangi likavuta pumzi, fyuu. Waino alivuta kamba ya kuwashia, akaingia ukutani, na mashine ikaitafuna theluji yote bila kukohoa hata mara moja.

Kufikia saa sita njia ilikuwa nyeupe, bapa, kingo zimenyooka. Waino alikuwa ameipitia mara mbili, kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Nesi alikuwa ameshapiga simu.

Saa nane gari la nyumba ya wazee lilikuja mpaka mlangoni, bila kuyumba.

"Njia safi hii," dereva alisema. "Nani kawasafishia?"

"Mume wangu," Lempi alisema. "Hajawahi kushindwa na injini."

Waino alimsaidia kupanda. Alimfunga mkanda, akamwekea mkoba mapajani, akafunga mlango.