Msugua Nongo wa Masan Aliyekataa Riwaya Iishe

Saa nne asubuhi, Tak Malsuk anampiga mteja wake kofi dogo la mgongo. Ndiyo ishara ya kazi hii: geuka. Bibi Gu Bunrye, mwenye miaka themanini na mitatu, anagoma.

"Sigeuki mpaka uniambie. Okdan kafungua mlango au hajafungua?"

"Geuka kwanza, Bibi. Nikikusugua upande mmoja utatoka humu una rangi mbili."

Okdan si jirani yao. Ni mpishi wa chombo cha angani kinachosomba barafu kutoka mwezi mmoja wa sayari ya mbali hadi mwingine, katika riwaya ambayo Malsuk huisoma kwenye kiti chake cha plastiki akisubiri wateja.

Malsuk ana miaka hamsini na tisa, na ishirini na sita kati ya hiyo ameimalizia katika bafu hili la umma la wanawake mjini Masan, Korea Kusini. Mwili mmoja ni won elfu ishirini na tano. Siku njema hupata watu kumi. Vidole vyake vya kulia havikunjiki tena sawasawa.

Riwaya hiyo ilisahauliwa na mteja kabatini. "Nilidhani ni mambo ya nyota," anasema. "Kumbe ni watu saba waliofungiwa pamoja, wananuniana, wanapikiana. Kama humu ndani tu."

Akaanza kumsimulia Bibi Gu kila Jumanne, sura moja kwa mgongo mmoja. Wakati huo mwana wa bibi alikuwa akimsihi ahamie kwake mjini Daegu, kwa kuwa bibi alishateleza jikoni. Bibi akamjibu kwamba atahama hadithi ikiisha.

Kitabuni hadithi iliisha Machi. Sasa ni Juni.

"Sikuweza kumwambia," Malsuk anakiri kwa sauti ya chini. "Miaka ishirini analala kwenye meza yangu ya kusugulia. Mgongo wake naujua kuliko wangu. Basi nikaanza kutunga."

Ametunga ukurutu ulioenea chombo kizima, posa mbili, na kabichi ya kimchi iliyogoma kuchacha. Mwandishi wa kitabu akisikia, atazimia.

Leo anamwagia bibi ndoo ya maji moto na kuendelea kutunga. Bibi Gu anamkatiza.

"Malsuk, mjukuu wangu alinisomea kitabu chote mwezi wa nne. Okdan anafika kwao ukurasa wa mwisho. Posa hamna, ukurutu hamna."

Mkono wa Malsuk unasimama. "Sasa mbona ulinyamaza?"

"Kwani we ulitaka iishe?" Bibi anashusha pumzi. "Hata mi sikutaka. Ila jana nimeanguka tena, mwanangu. Jumamosi watu wa Daegu wananifuata na gari. Leo mfikishe kwao."

Malsuk analia, wala hasingizii mvuke. Anamsugua bibi mkono wa mwisho polepole mno huku akisimulia: Okdan anafungua mlango, anavua viatu, anaingia kwao.

Kisha Malsuk anatoa mpango wake. Bafu hufungwa Jumatatu mbili kwa mwezi, na ameshaulizia mapema basi la Daegu. Atabeba kitambaa chake cha kusugulia.

"Uje ufanye nini na hadithi imeisha?" anauliza bibi.

"Imeisha ya Okdan. Chomboni bado kuna watu sita, Bibi, na nahodha hata mchumba hana."