Kabureta Ndani ya Koti

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye duka la vipuri pale Same, natafuta fenibelti. Mbele yangu alisimama bwana mmoja mwenye gari la mashindano, anataka kuliongezea nguvu. Akainama, akamnong'oneza muuzaji: "Dada, nitolee basi ile uliyoificha."

Dada akacheka. "Kaka, siku hizi hatufichi." Akaweka juu ya kaunta kabureta kubwa, na kando yake kiboksi cha kompyuta ya injini. "Chagua."

Bwana akageuka kutazama foleni. Foleni yenyewe nilikuwa mimi. "Nipe yoyote iliyopo."

"Zote zipo. Gari unalikimbiza wapi?"

"Milimani huko, kwenye kona na mawe."

"Kiboksi kina nguvu zaidi, ila kikigoma, fundi wake yuko Nairobi. Kabureta utairekebisha mwenyewe kwa bisibisi."

Bwana akashika kidevu, akafikiri weee, na hakuna aliyemfokea aharakishe kama zamani. Hatimaye akaigusa kabureta. "Hii." Akalipa, akaifunika kwa koti, akatoka haraka kama mlanguzi.

Nilimwona kupitia mlango. Alipofika kwa abiria waliokuwa wakingoja basi, akasita, akalivuta lile koti, akaibeba kabureta wazi mkononi.

"Umeipata wapi?" mmoja akamuuliza.

"Hapo dukani! Zimejaa tele!"

Shida bado tunazo, msinielewe vibaya. Lakini miaka yote ile ya dhiki, bidhaa zilipofichwa chini ya kaunta na kuuzwa kwa magendo, sikuwahi kusikia mtu akilijibu swali hilo kwa sauti.