Kura Niliyoitafuna

Kahawa ya kutafuna hainukii kama hiyo mnayokunywa ninyi kwenye vikombe. Kwetu Karagwe buni huchumwa ikiwa bado ngumu, ikachemshwa na majani ya porini, kisha ikaanikwa juani mpaka iwe nyeusi na kavu. Harufu yake ina moshi kidogo, ina nyasi, ina sanduku la bibi. Mgeni akishakaa tu huwekewa kikapu kidogo cha kahawa hiyo mbele yake. Achukue hata punje moja, aitafune. Akikataa, amewatukana wenye nyumba, na habari zitafika kwao kabla yeye hajafika.

Basi mimi nimezeeka nikiitafuna kwa adabu, na kila nikiitafuna tumbo hunivuruga. Wanangu hudhani ni vidonda, wameshanipeleka hospitali mara tatu. Hakuna vidonda, wenzangu. Ni jambo lililotokea darasa la sita, na sijawahi kulisimulia lote.

Ilikuwa miaka ya hamsini, uhuru bado unanong'onwa tu. Nilitoka Chonyonyo kwenda kusoma shule ya misheni iliyokuwa juu ya kilima, na tulilala bweni. Darasani tulikuwa ishirini na tisa, wasichana watano tu. Mwalimu wetu, Mwalimu Laurenti, alitoka upande wa Muleba. Alikuwa mwembamba, kaptula yake imepigwa pasi mpaka ungeweza kukatia mboga, na alikuwa na ugonjwa mmoja: aliuliza maswali ambayo hayakuwa kwenye kitabu.

Siku moja alifuta hesabu zote ubaoni akasema, "Siku si nyingi mtajitawala. Nataka kujua mtajitawalaje." Tukatazamana. Sisi tuliwajua mtemi, bwana shauri na padri, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kutuuliza kitu. Mwalimu akatuambia tuunde serikali ya darasa: tumchague mkuu, tutunge sheria, tuwe na baraza la kuhukumu. Sheria ya kwanza aliiandika yeye mwenyewe kwa herufi kubwa: HAKUNA ATAKAYEADHIBIWA BILA KUSIKILIZWA. Zilizobaki akatuachia sisi.

Aliyetunga nyingi ni Paskazia, rafiki yangu, binti wa katekista. Alikuwa na akili ya kuudhi yule mtoto. Ndiye aliyesimama akasema kwamba kura za hukumu zikilingana, mshtakiwa aachiwe. Bazili, kijana mkubwa kuliko wote darasani, akamcheka: "Kwa nini aachiwe na nusu ya watu wanasema kakosa?" Paskazia akajibu, "Kwa sababu nusu nyingine wanasema hakukosa, na ukishamfukuza mtu humrudishi." Mwalimu Laurenti akaiandika ubaoni, na ingawa alilipa darasa mgongo, niliona shavu lake likitabasamu.

Karatasi zilikuwa adimu, kwa hiyo kura zetu zilikuwa punje za kahawa. Kila mtu alipewa punje moja. Kwenye pembe ya darasa Mwalimu alitundika lubugo, ile nguo ya gome la mti, na nyuma yake akaweka vibuyu viwili. Unaitwa jina, unaingia nyuma ya pazia peke yako, unatumbukiza punje yako kwenye kibuyu cha unayemtaka, unatoka. "Hapo nyuma," alisema, "hata baba yako hakuoni."

Uchaguzi wa kwanza ulikuwa kati ya Bazili na Paskazia. Tulipohesabu, punje zilikuwa ishirini na nane. Tukahesabu tena, ishirini na nane. Ndipo Deo, mtoto mdogo mwenye masikio makubwa, akaanza kulia akisema ameitafuna ya kwake. Amepewa kahawa, ameitafuna, kwao hawakumfundisha kuitumbukiza kwenye kibuyu. Tulicheka mpaka machozi yakatutoka, na Mwalimu naye akacheka. Bazili alishinda, na Paskazia akapewa kutunza ghala la serikali.

Lakini kuna jambo Mwalimu hakulijua, na sisi hatukumwambia. Vibuyu vile havikufanana. Kimoja kilikuwa kikubwa, gamba jembamba, punje ikianguka kinasema *ko!* Cha pili kilikuwa kidogo na kizito, kinasema *ti*. Angetandika majani makavu ya mgomba ndani yake, basi, vingenyamaza. Hakutandika. Kwa hiyo tulikaa kwenye madawati yetu, mikono mapajani kama malaika, tukimsikia kila mtu amempa nani. Ilitufurahisha mno. Wiki iliyofuata waliompa Paskazia walijikuta wanateka maji mara mbili kwa amri ya mkuu wa serikali, na furaha ikatuisha.

Niwaambie Bazili alikuwa nani. Baba yake ndiye aliyeishika ardhi ya mlima wetu wote. Kibanja chetu, migomba yetu, mibuni aliyoipanda babu, makaburi ya watu wetu pale nyuma ya nyumba, vyote vilikaa juu ya ardhi ya baba yake, na kila msimu tulipeleka kwake sehemu ya mavuno. Niliwahi kuona jirani zetu wakiondolewa. Walitoka asubuhi na kuku wao kwenye tenga, mama yao anatembea akigeuka nyuma, anatembea akigeuka nyuma. Baba yangu aliwatazama akiwa mlangoni, na siku hiyo hakula.

Sasa, siku ya wazazi ilikaribia. Serikali yetu iliamua kuwakaribisha wageni kwa ndizi mbivu kutoka shamba la darasa. Mkungu mmoja mkubwa ukawekwa shimoni uive, ukafunikwa kwa majani, na Paskazia akapewa kuulinda. Asubuhi moja, jua ndiyo kwanza linachomoza, nilikuwa natoka kisimani na mtungi kichwani. Nikapita nyuma ya jiko. Nikamwona Bazili amechuchumaa kwenye shimo, shavu limejaa, maganda yako miguuni. Akainua macho, akaniona. Hakukimbia. Alimeza taratibu, akaniambia, "Generoza, baba yako hajambo?"

Nikasema hajambo. Nikaenda zangu. Nilipokata kona nikakutana na Paskazia anakuja, akaniamkia, mimi nikapita kama sikumsikia.

Saa nne mkungu ukakutwa umebaki nusu, na maganda yamefukiwa pembeni ya njia ya bweni la wasichana. Bazili mwenyewe ndiye aliyeitisha baraza. Mshtakiwa, Paskazia. Adhabu kwa sheria tulizozipitisha wenyewe: kutolewa kwenye serikali mpaka muhula uishe, kukaa mlangoni bila kusemeshwa, na mzazi wake kutangaziwa siku ya wazazi. Na ninyi mnajua kwetu mtoto wa kike akiambiwa hadharani kwamba anakula kwa kujificha, ni aibu ya namna gani. Hiyo aibu hailali shuleni.

Alisikilizwa, kama sheria ilivyotaka. Alisimama mbele akiwa amefumbata vidole vyake. Akasema, "Sikula. Waulizeni walioamka mapema." Kisha akanitazama mimi. Hakuninyooshea kidole wala kunitaja jina. Alinitazama tu, na akaendelea kunitazama.

Mwalimu Laurenti akauliza, "Kuna aliyeona chochote?" Tukatazama madawati yetu. Nje kulikuwa na njiwa wanalia juu ya bati. Akauliza tena, safari hii polepole, na nadhani alitegemea mmoja wetu amwokoe yeye pia. Angeweza kuifuta serikali yote ile kwa kitambaa chake cha ubao. Lakini alishatuahidi kwamba haingilii, na alikuwa mtu wa kushika neno lake, Mungu amrehemu.

Tukagawiwa punje. Kibuyu kikubwa, ana hatia. Kidogo, hana. Mkuu wa serikali ndiye aliyeita majina, amekaa kwenye kiti kushoto kwa pazia. Paskazia kawekwa kwenye kigoda upande wa kulia, uso ukutani, kwa kuwa mshtakiwa hapigi kura. Wapigaji tulikuwa ishirini na wanane.

*Ko. Ti. Ko. Ko. Ti.* Hata sasa usiniangushie kijiko kwenye bakuli. Kila *ti* ikisikika Bazili anainua macho kumwangalia anayetoka. Zamu yangu ikafika.

Niliingia nyuma ya lubugo. Mlikuwa na giza la rangi ya udongo, na harufu ile ya gome. Punje ilikuwa imelowa jasho mkononi. Nikipeleka kwenye kikubwa, namhukumu mtu ninayejua hana kosa. Nikipeleka kwenye kidogo, Bazili atasikia, na kesho kutwa baba yake atasikia, na mama yangu atatoka na kuku kwenye tenga akigeuka nyuma. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Nikaona akili imenijia: kumbe kuna njia ya tatu! Nikaitia punje mdomoni, nikaitafuna taratibu, njiwa wa juu ya bati wakinifunikia sauti, nikaimeza na maganda yake. Nikatoka nikijiambia, mimi sikumhukumu mtu.

Zilipohesabiwa, kikubwa kilikuwa na kumi na nne. Kidogo kumi na tatu.

Fanyeni hesabu wenyewe. Mimi nilishaifanya pale pale, kabla Mwalimu hajamaliza kusema. Zingekuwa kumi na nne kwa kumi na nne Paskazia angeachiwa, kwa sheria aliyoitunga mwenyewe kwa kinywa chake.

"Imepungua moja," alisema Mwalimu, na darasa zima likageuka likamwangalia Deo. Wakaanza kucheka. Deo akaapa kwa Mungu wake kwamba safari hii ametumbukiza. Kadiri alivyoapa ndivyo walivyozidi kucheka, mpaka akalia, na nami nikacheka pamoja nao. Naam, nilicheka. Niliziba mdomo kwa kiganja, kwa sababu ulimi ulikuwa mweusi.

Jioni Bazili alinifuata nilipokuwa naosha sufuria. Akanipa ndizi mbivu, moja. Nikaipokea kwa mikono miwili, kama tulivyofundishwa kupokea kwa wakubwa, nikaila pale pale.

Siku ya wazazi ilipofika, katekista alimsikia binti yake akitangazwa. Hakugomba. Alimshika mkono wakashuka kilima, sanduku lake kichwani, na Paskazia hakurudi tena. Kabla ya mavuno yaliyofuata tukasikia ameolewa huko Kibingo kwa mjane mwenye watoto wanne. Mwalimu Laurenti alivichukua vibuyu akavipasua nyuma ya darasa kwa jiwe, mimi nikimwona kupitia dirishani, na hakutufundisha tena habari za serikali. Kibanja chetu hakikuguswa.

Baadaye nami nikawa mwalimu. Nimefundisha uraia miaka mingi, nimesimamia vituo vya kura, na kila mara nimetandika kitu ndani ya sanduku, hata watu waliponicheka. Niliwaambia wanafunzi wangu kura ni siri ili mnyonge asiogope. Nilichelewa sana kuelewa kwamba siri ile ile ilinipa mahali pa kujificha, na kwamba shauri la Paskazia halikuhitaji kura kabisa. Lilihitaji mtu mmoja aliyeona, afungue mdomo. Mwalimu aliuliza mara mbili. Mimi niliona, na mdomo wangu nikautafutia kazi nyingine.

Nilipostaafu nilimtafuta Paskazia. Nilipanda gari Kayanga mpaka Kibingo, nikauliza njia, nikamkuta amekaa kwenye mkeka anachambua maharage. Alinitambua kabla sijabisha hodi. "Generoza wa Chonyonyo," akasema. "Umenenepa, waitu!" Tukacheka, tukashikana mikono muda mrefu kama ilivyo kwetu, tukaulizana watoto, wajukuu, migomba. Akamwita mjukuu wake, msichana wa miaka kama kumi na mitatu hivi. Mtoto akapiga magoti akaniamkia shikamoo, akaniwekea kikapu kidogo mbele yangu. Harufu ikapanda.

Nikasema, "Paskazia, kura iliyopungua siku ile haikuwa ya Deo."

Akaendelea kuchambua maharage. Akatoa kijiwe, akakitupa.

"Najua," akasema. "Si nilikuwa upande wa pili wa pazia? Nilihesabu zote. Jina lako lilipoitwa sikusikia *ko* wala *ti*. Nilisikia unatafuna." Akanyanyua macho, na yalikuwa yale yale. "Nikasubiri umalize, useme."

Nilitaka kumwambia habari za kuku kwenye tenga, za mama yangu. Yeye akanisogezea kikapu, kwa kuwa mimi nilikuwa mgeni, na adabu ni adabu. Nikachukua punje moja. Yule mjukuu alikuwa bado amepiga magoti, akitusikiliza. Nikaiweka punje kiganjani bila kuila, nikamgeukia mtoto, nikaanza kumweleza ni nani hasa aliyekula ndizi zile.