Shujaa wa Mashuka

Mtaani walimwita Pindo, na jina lilimkaa barabara. Kwa miaka thelathini na tano hakuna sare ya shule iliyotoka kwenye cherehani yake ikafumuka pindo. Mzazi akirudi kulalamika, basi analalamikia urefu wa mwanawe, si ushonaji. Chumba chake cha kazi kilikuwa cha mbele, ukuta mmoja na kinyozi, na mle ndani hakuna mtu aliyeruhusiwa kugusa mkasi wake mkubwa, hata awe nani.

Siku moja akaingia binti wa kaka yake, yule aliyeacha ualimu akaangukia mambo ya filamu.

"Shikamoo, shangazi. Nataka unishonee vazi la shujaa."

"Marahaba. Shujaa gani tena?"

"Mwanamke anayefua mashuka hospitalini. Tangi la mvuke linapasuka, anaponea chupuchupu. Tangu hapo, mtu yeyote aliyewahi kulalia shuka alilolifua akipatwa na hatari, yeye anajua, na anamfuata huko huko."

Pindo akatoa mguu kwenye cherehani. "Na adui, anampiga kwa kitu gani? Sabuni?"

Hakuwa peke yake kucheka. Filamu ya kwanza ya binti huyo iliwavunja watu mbavu, na ilikuwa filamu ya msiba. Habari za hii ya pili zilipoenea, mji mzima ulikaa mkao wa kucheka tena. Kinyozi alisema ataitazama kama dawa ya mawazo. Pindo alikubali kushona kwa kuwa aliyeomba ni mtoto wa kaka yake, basi.

Binti alileta kitambaa cha kung'aa, chembamba kama ganda la kitunguu. Pindo alikiona kibaya, lakini akashona. Siku ya kupiga picha, mwigizaji aliruka kutoka juu ya ukuta na vazi likapasuka kiunoni hadi gotini. Mpiga picha alicheka mpaka kamera ikamtikisika mkononi. Pindo hakucheka. Kazi ya mkono wake ilikuwa imechanika mbele za watu, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kumpata.

Asubuhi iliyofuata akamwita binti.

"Mwanangu, mfua mashuka atapata wapi kitambaa kama kile? Angejishonea kwa alichonacho. Niletee mashuka yaliyochakaa."

Akayachemsha kwenye sufuria la rangi mpaka yakawa buluu iliyokolea. Akakata vipande vidogo vya pembetatu, akavipachika kwapani na mapajani, ili mwigizaji akiinua mkono au akitanua hatua, nguo imfuate bila kumvuta. Binti aliliangalia vazi lile, akaketi chini, akaandika upya sehemu nzima ya filamu: sasa shujaa angejishonea mwenyewe.

Siku ya kwanza kuonyeshwa, watu walicheka dakika kumi za mwanzo kama walivyopanga. Halafu kicheko kikaanza kupungua. Shujaa alipombeba mzee asiyejiweza akishuka naye ngazi za jengo linaloungua, ukumbi ulikuwa kimya, na mwishoni walipiga makofi wakiwa wamesimama. Foleni ilizunguka jengo kwa wiki kadhaa. Kinyozi aliitazama mara tatu, na mara zote tatu alisema alikuwa anamsindikiza mtu.

Pindo peke yake hakuiona. Alikaa ukumbini, ndiyo, lakini macho yake yalinasa kwenye bega la kushoto la vazi, pale mshono ulipovuta kidogo, na hayakutoka hapo mpaka taa zikawaka. Alirudi nyumbani na kichwa kinamgonga. Watu wakimsifu, aliwaonyesha walipokosea kusifu.

Miaka kumi na miwili ikapita. Ukumbi ule ule ukatangaza kuirudisha filamu kila Jumamosi alasiri, na mjukuu wake, msichana wa miaka kumi, akang'ang'ania mkono wake mpaka wakaenda.

Mengine yalikuwa yamezeeka. Sauti zilichelewa kuifuata midomo, na ule mvuke wa tangi, kila mtu aliona wazi kuwa ni unga wa ngano. Watu walicheka, lakini kicheko cha kumpenda mtu. Pindo alilisubiri lile bega lake. Akashtuka mzee amekwisha kushushwa ngazi, bega limepita zamani, na yeye shavu limelowa.

Ndipo filamu ikarudi nyuma, ikaja sehemu ya shujaa kujishonea vazi. Pindo alikuwa ameisahau kabisa. Mwigizaji hakujua hata kutunga uzi kwenye sindano, kwa hiyo siku ya kuipiga picha sehemu hiyo binti alimvuta shangazi yake mbele ya kamera. Sasa mikono miwili iliijaza skrini nzima, ikikunja, ikichoma, ikivuta uzi, bila haraka na bila kukosea.

"Bibi!" mjukuu akanong'ona kwa nguvu. "Hiyo mikono yako! Naliona kovu la pasi!"

"Nyamaza, tutazame."

Lakini nyuma yao mtu alikuwa amekwisha kusikia, na filamu ilipokwisha ukumbi mzima ulijua. Binti, aliyealikwa jukwaani kujibu maswali, alimnyooshea Pindo kidole tu. Watu wakageuka, wakaanza kusimama mmoja mmoja. Pindo naye akasimama, akalishika gauni lake.

"Kwapani kuna vipande vya pembetatu," akasema kwa sauti ya fundi. "Bila vile, asingembeba yule mzee."

Makofi yakamzidi. Nje, binti alimkumbatia.

"Shangazi, ilikuwa nzuri?"

"Mbona hukuniambia?"

"Nimekuambia miaka kumi na miwili!"

Jumamosi iliyofuata Pindo alifunga kazi saa nane, akavaa vizuri, akaenda kuitazama tena, safari hii peke yake.