Niliposema "si kweli" kortini, hata tulioshikwa nao walinuna

Wakuu, niaje. Hii sikuhadithiwa na binamu ya rafiki. Ilinipata mimi, na chumvi sijaongeza. Chumvi yangu yote iko kwa kachumbari.

Nauza smokie, zile soseji za kuvutwa moshi, na mayai kwa trolley ya kusukuma hapa Baba Dogo, Nairobi, karibu na geti za viwanda. Permit ya biashara ninayo. Nililipia, nikaiweka kwa plastiki, natembea nayo.

Ijumaa moja wale askari wa kukamata wachuuzi wakateremka. Nikatoa permit. Mkubwa wao hata hakuiangalia.

"Hiyo utaonyesha hakimu."

Trolley ikarushwa kwa lori, nami nikafuata.

Seli ya korti ilijaa wachuuzi. Kulikuwa na Mama Shiro, anauza nguo za watoto mtaa wa Lucky Summer. Ameshikwa mara nyingi hadi makarani humsalimia. Akatupa darasa.

"Ukiulizwa, sema ni kweli. Unapigwa faini, unaenda nyumbani. Ukikataa unalala ndani mpaka mtu aje kukutoa. Na leo ni Ijumaa."

Nikamwambia mimi niko na permit.

"Hakuna mtu amekuuliza permit, smokie. Unaulizwa unataka kulala wapi."

Kwa wale hawajawahi kufika huko: mashtaka ya kuuza bila permit yanasomwa mbio, mkalimani anayamaliza kwa Kiswahili kwa pumzi moja, mtu anasema "ni kweli", next. Walionitangulia niliwahesabu, nikarudia kuwahesabu. Hakuna hata mmoja aliyekanusha. Eti Eastlands nzima hakuna msafi. Hata kanisani hatukiri dhambi kwa spidi hiyo.

Zamu yangu ikafika.

"Si kweli, mheshimiwa."

Mkalimani akaniangalia kama mtu ameitisha bei ya jumla kwa sukari nusu kilo. Nyuma yangu mtu akanong'ona, "Huyu sasa atatuchelewesha."

Nikainua permit. Hakimu, mama mtulivu tu, akasema, "Iweke. Utaitoa siku kesi ikisikizwa."

Wakuu, karatasi ilikuwa hapa, macho yake pale. Lakini hiyo haikuwa siku ya kusoma. Trolley ikabaki kama exhibit, yaani ushahidi wa kesi, mimi nikalala rumande hadi Jumatatu, ndugu yangu alipoleta dhamana.

Kesi ikaitwa. Shahidi, yule askari, hayuko. Ikasongezwa. Ikaitwa tena, bado hayuko, eti yuko kazini. Kazi yenyewe si ni kukamata wengine? Na mimi kila siku ya korti siuzi. Siku isiyo ya korti pia siuzi, kwa sababu trolley ni exhibit.

Mwishowe hakimu akachoka na yule askari, akatupa kesi. "Uko huru."

Ile permit hakuna aliyeisoma hadi leo.

Trolley niliipata kwa yadi ya vitu vilivyokamatwa, bila magurudumu, bila burner ya gesi. Nikauliza burner iko wapi. Jamaa wa yadi akasema, "Ilikuja hivyo." Ilikuja ikiwa na moto, boss.

Nikapitia kwa Mama Shiro kumringia kwamba nimeshinda. Akanipa mkono vizuri. Halafu akafungua pochi, akatoa permit. Yake. Ilikuwa imelipiwa hata kabla ya ile Ijumaa.

"Sasa mbona ulikubali?"

"Shiro alikuwa ananyonya. Nilikuwa nimemwachia jirani, nikamwambia narudi saa hii. Wewe ulikuwa unangojwa na nani?"

Sikuwa nangojwa na mtu. Maringo yaliishia hapo.

Kwa hivyo sitawaambia mkatae wote. Siwezi kumwambia hivyo mama anayenyonyesha. Nilichojifunza ni kwamba haki kwetu ni ya yule anayeweza kulala ndani wikendi nzima. Mwingine ananunua njia ya kurudi nyumbani kwa kukubali kosa ambalo hana. Na hii mambo haihitaji korti mpya ya vioo. Permit isomwe siku ya kwanza. Wakili wa zamu aingie ile seli asubuhi, kabla Mama Shiro hajaanza darasa.

Mawakili mlio humu, nawauliza. Mama Shiro amepata kazi ya kupika shule fulani, na wanaitisha good conduct, kile cheti cha polisi cha kuonyesha huna rekodi ya makosa. Ile "ni kweli" yake itatokea? Anaweza kuifuta, na aanzie ofisi gani?

Jibuni kwa lugha ya muuza smokie. Ameniambia niulize, na yuko hapa kando yangu anangoja.