Kompyuta Iliyonunuliwa kama Mtamba

Nakumbuka asubuhi ile baba aliporudi kutoka Nairobi na kompyuta, nami nikatoka mbio kumpokea bila hata kujitanda leso. Mwanangu, nasikia unataka kununua mashine kubwa kuliko kazi yako, eti baadaye utaiongezea hiki na kile. Keti basi. Maneno yangu ni machungu, lakini yameze.

Ilikuwa miaka ya themanini ikielekea mwisho. Nilikuwa nimesomea taipu, na hapa Isiolo mwalimu aliyetaka mtihani uliochapwa vizuri alikwenda mpaka Meru. Nikamwomba baba, mfanyabiashara wa ng'ombe, aninunulie kompyuta ndogo na printa nifungue kibanda cha kuchapa mtaani Bulla Pesa. Wakati huo mzee mmoja wa Garbatulla, mwenye wake wawili, alikuwa ameniposa. Baba akaahidi mbele ya mama: kibanda kikisimama kabla ya mvua za pili, posa itakataliwa. Kisiposimama, nitaolewa. Kwa hivyo usinicheke nikisema nililifungua lile sanduku kabla baba hajaketi.

Kompyuta ilikuwemo, kubwa, nzito. Printa hakuna.

Baba alikuwa na raha ya mtu aliyemshinda dalali. Muuzaji alimwonyesha ile ndogo na printa yake, halafu akamfungulia hii kubwa, akamwonyesha ndani nafasi tupu za kuongeza memori, diski na sijui nini. Pesa za printa zikaishia hapo. Na hapo ndipo watu wetu hukosea, mwanangu. Sokoni kwetu mwenye akili hununua mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa, na humlipia ndama ambao hawajaonekana. Halipi bure. Baba alinunua chuma kwa jicho lilelile.

Mama yake baba, bibi yetu ambaye sote tulimwita Akko, aliinama akachungulia ndani ya mashine.

"Huyu atazaa na nani?" akauliza.

Baba akacheka, akamweleza habari za nafasi.

"Guyo, chuma hakizai. Unachoita nafasi ni shimo. Umemnunulia mtoto shimo."

Baba akaifunga mashine. Mimi nikaanza kazi. Nilichapa, wallahi nilichapa, lakini maneno yalibaki kwenye kioo, na hakuna mwalimu anayebeba kioo darasani. Wateja walikuja, wakasifu, wakapanda gari la Meru. Nikilalamika, baba aliniambia subira huvuta heri. Ng'ombe wakinona atauza, ataleta printa. Mvua za kwanza zikawa haba, ng'ombe wakabaki mifupa. Za pili zikaja nzuri, na wazee wa Garbatulla wakaja nazo, wamebeba buni na sukari za posa. Ahadi ni deni, na baba alilipa deni lake lote. Nikaolewa.

Baadaye aliuza ng'ombe, akaenda Nairobi kununua printa na hizo nyongeza. Akaambiwa vifaa vya mashine ya aina ile havitengenezwi tena. Kompyuta ikakaa chumbani kwa mama, imefunikwa kitambaa cha kufuma, mpaka mama alipokufa. Watoto wangu nawapenda, Mungu anajua. Lakini baba nilichelewa sana kumsamehe, na siku nyingine naona bado.

Sasa nisikilize. Nunua mashine itakayofanya kazi ya kesho asubuhi, na kila kinachohitajika ili ifanye. Ukiambiwa ina nafasi ya baadaye, uliza: hicho cha kuongeza kiko dukani leo? Kama kipo, na unaona kazi inakuja, acha nafasi kidogo. Sikwambii uwe mjinga. Kama hakipo, usikilipie. Na ukimnunulia mtu mwingine, muulize kwanza yeye mwenye kazi. Mimi nilikuwa nimekaa hapohapo nyumbani, na hakuna aliyeniuliza.

Nenda, mwanangu. Mungu akufungulie riziki, akupe mkono mwepesi, na asimfanye mtu yeyote angoje maisha yake kwa sababu yako.