Simenti kwenye Nyumba ya Bibi

Nyumba ya bibi yangu mzaa mama, juu ya Mlali, niliiua mimi. Nasema hivyo waziwazi kwa sababu miaka yote nilisingizia mvua.

Ilikuwa nyumba ya miti na udongo, ya zamani mno, na kwetu Waluguru nyumba ya namna hiyo hufuata upande wa mama. Nilipoanza kufundisha mjini nikaionea aibu. Nikapandisha mifuko ya simenti mlimani, nikaipiga lipu nje na ndani. Mama akaniambia udongo unataka kupumua. Nikamcheka: "Mama nawe! Ukuta una pua?" Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ila guu lililovunjika halikuwa langu. Unyevu ulinaswa nyuma ya lipu, nguzo zikaoza kimyakimya, na masika moja ukuta wa chumba alicholala mama ukaanguka. Nikamhamishia Bigwa, kwangu.

Mwaka jana akaanza kukataa chakula. Kila asubuhi neno lake likawa moja: "Nirudishe nikafie kwa mama yangu."

Nikaenda kwa mjomba, mdogo wake, maana ndiye mwenye kauli katika ukoo.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Safari hii sitaki kuona simenti."

Tukabandua lipu yote, tukasimika nguzo mpya, tukafunga fito kwa kamba za mgomba, tukakanyaga udongo wa kichuguu hadi ukavutika. Ukuta wa chumba cha mama niliukandika mwenyewe. Majirani wakanitania: "Mwalimu, unakandika au unapaka mkate siagi?"

Sasa, ukishakandika lazima usubiri. Udongo ukauke, upasuke upasukavyo, ndipo usiribe juu yake. Ukiwahi, tabaka la juu linabanduka lote. Nami kila simu ya hali ya mama kutoka Bigwa ilinikata maini. Nikamsihi mjomba tukoke moto ndani ukuta ukauke upesi. Akakataa katakata.

"Haraka ndiyo iliyotuleta hapa. Mlete dada yangu hivyo hivyo."

Tukampandisha kwa machela. Alipolazwa, aliupapasa ukuta mpaka kidole kikaingia kwenye ufa.

"Hapa umekandika wewe," akasema.

"Ndiyo, mama. Na lipu ile ndiyo iliyoiangusha nyumba. Haikuwa mvua." Nililia mbele ya mjomba bila haya.

"Mwanangu, nyumba hii imenyeshewa tangu hujazaliwa," mama akasema. "Unadhani sikujua?" Kisha akaomba uji, akanywa nusu kikombe.

Akaishi humo siku nne. Tulimwosha chumbani humo humo, ukuta ukiwa bado na nyufa zake.

Baada ya arobaini nilipanda tena mlimani, nikakanyaga udongo, nikausiriba ukuta ule peke yangu, polepole. Sikuwa na haraka yoyote tena.